Kilichoota Chenyewe

Jumatatu, 28 Aprili

Pikipiki imegoma tena. Nimepiga kiki mpaka paja limekufa ganzi, ikaja kuwaka saa tatu, mvua ishakatika. Nimefika Kirongwe nina tope hadi kwenye nyusi.

Wenye misitu watano leo. Wanne wameahidi hawatachoma tena majani ya mikorosho karibu na miti. Wa tano kaniuliza, Bibi Misitu, serikali itaniletea na mvua? Nimemwambia mimi ni afisa misitu, mvua ina mwenyewe. Wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na njaa.

Mwisho kwa Bi Mwanahawa. Huyu mama nampenda, niandike tu. Ananiita mwanangu na kikombe cha mchaichai kinafika kabla sijavua helmeti. Ana miaka sitini na kitu, mjane, anakaa peke yake pembeni ya msitu aliouacha baba yake. Watu wanauita Kwa Fakii, jina la marehemu. Si mkubwa. Unauzunguka na chai haijapoa. Lakini mna miti ambayo watu wawili wakiikumbatia mikono haikutani, na katikati kisima ambacho Bi Mwanahawa hajapata kukiona kikavu. Minazi ya jirani imenyauka vichwa kwa jua la miaka hii. Kwa Fakii ukiingia unasikia ubaridi shingoni.

Shida ni pengo. Upepo wa mwaka jana uliangusha miti saba mikubwa karibu na kisima. Sasa jua linapiga mpaka chini, udongo unakauka, na kila upepo ukija utakula ukingo. Nimemshauri tuzibe kwa mitondoo na mikwaju, miti isiyoogopa jua wala chumvi. Miche ninayo ofisini Kilindoni.

Kasema lazima amuulize kaka yake kwanza. Mzee Shaali, anakaa kisiwani Chole. Msitu ni wao wawili, haujagawanywa, na baba yao aliwaachia sharti moja: humu asipande mtu. Kilichoota chenyewe ni chenu wote. Kuni, fito, dawa, kila mmoja achukue kwa haja yake. Mkono usipande.

Si mara ya kwanza kuisikia mila hii. Iko hata humu humu daftarini, kurasa za Februari, nimeipigia mstari. Huku anayepanda mti wa kudumu keshajiwekea alama. Mti ni wake, na ardhi chini ya mti inaanza kuwa yake. Kwetu Njombe ukipanda mti unashukuriwa. Huku unaulizwa una nia gani.

Jumatano, 30 Aprili

Ofisini. Mkuu kauliza miche ya mradi imefikia wapi. Nimesema inaendelea. Inaendelea kukauka, huo ndio ukweli. Iko nyuma ya ofisi kwenye viriba vyake, mizizi ishatoboa chini inatafuta ardhi yenyewe. Wageni wa mradi wanakuja Juni. Wanataka kuuona msitu wa mwananchi ulioandaliwa kwa mabadiliko ya tabianchi. Wanataka safu zilizonyooka. Wanataka kibao.

Nimempigia Bi Mwanahawa. Simu ya kaka imezimwa. Atakwenda Chole mwenyewe wiki ijayo, mguu ukimpoa.

Wiki ijayo! Masika yaungoje mguu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekodi kirikuu, nimepakia miche mia na ishirini, nimekwenda Kirongwe bila kupiga simu. Nilijua nikipiga ataniambia ningoje.

Nilimwambia: panda tu, mama. Mzee Shaali utamwambia akija Idi, atafurahi.

Kasema, "Mwanangu, si miti. Ni kuuliza."

Nikamwambia miche hii haifiki Idi, itakufa. Nikashusha kiriba kimoja nikakiweka mlangoni pake, majani yamelegea. Hapo nilimpatia. Huyu mama hawezi kuona kitu kinakufa mlangoni kwake. Kachukua jembe.

Tumepanda mpaka adhuhuri. Nilivuta kamba ya katani ili safu zinyooke. Yeye kila shimo bismillahi. Mimi kila shimo nahesabu.

Fomu ina nafasi moja ya mmiliki. Nimeandika jina lake. Kauliza nimeandika nini, nikamwambia. Kauliza, na la kaka? Nikamwambia nafasi ni moja. Kaosha jembe taratibu mno, kama chombo cha mgeni.

Nimerudi Kilindoni mwepesi, naimba barabarani. Naliandika hili ili lisije likapotea: nilikuwa naimba.

Alhamisi, 15 Mei

Miche imeshika. Nimepeleka kibao. Fundi rangi kajitahidi, herufi nyekundu, jina la Bi Mwanahawa linaonekana toka barabarani. Tumekichimbia mbele ya pengo.

Kwenye kupalilia nimekuta maotea. Mitondoo midogo, imejiotea yenyewe kutoka kwenye ile iliyoanguka. Mingi kuliko niliyopanda mimi, na ina afya kuliko yangu. Chuoni tulifundishwa mwaka wa kwanza: tunza maotea, kupanda ni pale yasipokuwepo. Ningemwambia tu ayapalilie. Kisingepandwa kitu, asingeulizwa mtu.

Nimeyafyeka. Yalikuwa yanaharibu safu.

Wakati naondoka nimeona kibao kimefunikwa kanga. Bi Mwanahawa kasema anaanika. Kanga ilikuwa kavu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi kubwa. Nilialikwa pilau Kirongwe, nikaenda na soda na biskuti. Mzee Shaali alikuwepo. Nilimwamkia shikamoo, kaitika marahaba vizuri tu. Mrefu, mkimya, kofia safi. Kamletea dada yake kapu la ndimu za Chole. Wanataniana hawa. Kamwambia dada yake kazeeka kama mnazi wa Kirongwe, Bi Mwanahawa kamjibu heri mnazi kuliko mzee asiyechaji simu. Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Kisha Mzee Shaali akaenda kisimani kutawadha.

Alikawia. Aliporudi alisimama kwenye upenu, hakukaa. Kauliza nani kapanda.

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nilikuwa nalo kweli, sitafuti kisingizio. Lakini tonge linamezwa. Nilimeza, na bado sikusema.

Bi Mwanahawa kasema, "Mimi."

Basi. Mzee Shaali karudi kwenye kibao, kaiondoa kanga, kasoma herufi moja moja, kaikunja kanga vizuri na kumletea dada yake mkononi. Kasema Idi njema. Kaenda zake. Sahani yake ilibaki vile vile, nyama juu.

Nilimuuliza mama kwa nini hakunitaja. Kasema, "Wewe mgeni wangu, simwaibishi mgeni. Na jembe nilishika mimi."

Mgeni njoo mwenyeji apone. Haya, nilikuja.

Jumatano, 11 Juni

Bi Mwanahawa kang'oa miche. Yote. Peke yake, kwa mikono, na mguu ule. Nimeikuta imelazwa upenuni juu ya gunia bichi, mizizi ina udongo wake, mmoja mmoja. Hata kung'oa kang'oa kwa adabu.

Nilianza na hasira. Sioni haya kuandika. Niliona kazi yangu imelala kwenye gunia, nikasema kwa sauti, mama umefanya nini. Ndiyo aibu ikafuata, kama kawaida yake, inachelewa.

Kampelekea kaka salamu kwa jirani aliyekuwa anavuka: nimeng'oa, njoo tule. Na jibu limerudi. Atakuja, akimaliza kuvuna muhogo. Bi Mwanahawa leo kachangamka. Kafua mashuka.

Jumatatu, 16 Juni

Wageni wamethibitisha. Alhamisi hii. Mkuu kawaandikia kwamba watapelekwa Kwa Fakii. Sikumwambia kwamba Kwa Fakii hakuna mche ardhini.

Nimekwenda Kirongwe jioni. Nimemwomba turudishe miche ardhini. Kwa siku moja tu. Wageni wakiondoka tunang'oa.

Kasema, "Huu mchezo wa watoto, mwanangu."

Nikamwambia nitafukuzwa kazi. Uongo. Ningekaripiwa, ningenuniwa wiki mbili, basi. Lakini nilisema kufukuzwa, na nikaongeza mama yangu mgonjwa nyumbani, na hilo lilikuwa kweli, na ndilo linalonichoma zaidi, kwamba nilimtumia mama yangu.

Kakubali. Nimechimba mimi. Yeye alikuwa ananipa miche, na safari hii hakusema bismillahi.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Wageni kumi na moja, magari matatu. Hotuba. Mkuu kaeleza jinsi wenye misitu wa Mafia wanavyoitikia. Wamemsimamisha Bi Mwanahawa kando ya kibao, wakampa mche mmoja aushike kifuani, wapige picha. Wakapiga makofi.

Nikaona watu wa nyuma wanapisha njia. Mzee Shaali. Kofia safi, kapu mkononi, limefunikwa jani la mgomba. Kamaliza muhogo wake, kaja kula kwa dada yake kama alivyoitwa. Kakuta safu. Kakuta kibao. Kakuta dada yake kashika mche na serikali nzima inampigia makofi.

Hakugomba. Ningefurahi angegomba. Kaliweka kapu mlangoni, kageuka. Bi Mwanahawa kaita, "Kaka!" mara moja tu, na mpiga picha akamwambia mama angalia huku.

Nilikuwa hatua tano. Ningeweza kumkimbilia. Ningemwambia ni mimi, mara zote mbili ni mimi. Mkuu alikuwa anaulizwa swali, kaniita nijibu. Nikaenda kujibu swali.

Kapuni mlikuwa na muhogo na samaki wa kukausha. Bi Mwanahawa kawapikia wageni.

Jumanne, 24 Juni

Mzee Shaali anataka mgawanyo. Kaleta habari kwa shehe na kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, sheria ya dini yao iko wazi, hakuna wa kubisha. Kilichowaweka pamoja miaka yote hii ni kwamba hakuna aliyedai.

Bi Mwanahawa kakubali. Nimemwambia niende Chole nikaseme ukweli. Kasema, "Ukitaka kwenda nenda. Usiniombe ruhusa ya kusema kweli." Kisha kaendelea kupepeta mchele.

Angenitukana ningelala.

Alhamisi, 3 Julai

Leo nimepima mpaka. Mimi. Kijiji kiliomba ofisi, ofisi ikanituma na GPS. Nilikuwa na ile ile kamba ya katani.

Fungu la Bi Mwanahawa ni lile lenye pengo, maana huko ndiko alikopanda. Kumbe mchezo wa watoto umekata ardhi. Miti yote mikubwa imeangukia kwa Mzee Shaali. Mpaka unapita kisimani, kisima chao wote.

Mwenyekiti kamuuliza Mzee Shaali atafanyia nini fungu lake. Kasema atasafisha apande mikorosho. "Na mimi mkono ninao."

Watu wote waliokuwa wakihusika walikuwa hapo. Kaka, dada, shehe, mwenyekiti, mkuu wangu. Sentensi moja tu ilihitajika, na mwenye nayo ni mimi. Mdomo ulifunguka. Nikasikia nauliza kama kamba ivutwe zaidi.

Nimejichukia leo.

Jumanne, 8 Julai

Niliondoka ofisini mapema niende Chole. Kweli niliondoka. Nimefika Utende maji yamekupwa, mashua zimelala ubavu kwenye tope. Mwenye mashua kasema ningoje saa moja na nusu.

Nilikaa dakika kumi. Nikakumbuka ripoti ya robo mwaka. Nikarudi.

Kesho, nilisema. Kesho kuna mkutano Miburani. Keshokutwa basi. Wala Mzee Shaali hajaleta mtu wa kukata miti, pengine hasira zitashuka zenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima, na pikipiki leo, kwa nuksi, iliwaka kwa kiki moja.

Jumatatu, 14 Julai

Simu ya Bi Mwanahawa saa mbili asubuhi. Nimepokea. Aliitoa nje tu, nisikie. Msumeno.

Nimefika wameshalaza miti sita. Fundi kutoka Miburani, mashine mpya, kijana wa watu anafanya kazi aliyoitiwa. Jua lilikuwa limejaa mahali ambapo sijapata kuliona jua. Ndege wanalia ovyo. Ule mti mkubwa wa kisimani, wanaouita mti wa babu, ulichukua muda. Ulipoanguka ardhi ilipiga hadi tumboni mwangu.

Mzee Shaali alisimama mbali, kanzu kaikunja kiunoni. Hakuwa na furaha hata chembe. Nilidhani nitamkuta na furaha, nipate wa kumlaumu.

Nikamwendea, kwa mara ya kwanza nikamwendea. Msumeno ulikuwa unapiga kelele, nikasema, hakusikia, akaonyesha sikio, akanisogeza pembeni nisije nikaangukiwa. Nikarudi nyuma. Kanijali nisiumie!

Bi Mwanahawa alikuwa jikoni na mlango kaufunga.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Nimekwenda Utende asubuhi, nikangoja maji. Saa mbili nzima. Leo muda ninao.

Nimemkuta nyuma ya nyumba anafua nazi. Nilisimama, nikasema yote bila kuvuta pumzi. Kwamba dada yako alitaka kukuuliza, nikamkataza. Kwamba fomu niliandika mimi. Kibao mimi. Kwamba aling'oa, akakuita kwa moyo mmoja, na mimi ndiye niliyemrudishia miche kwa ajili ya picha. Kwamba Idi nilikuwa nimekaa palepale.

Alifua nazi tatu nikiwa nasema. Aliifua na ya nne. Kisha kasema, "Ungekuja mwezi uliopita ningekupa dafu. Leo nikupe nini?"

Kisha kauliza kwa nini dada yake hakusema. Nikasema sijui. "Mimi najua," kasema. "Kakustahi wewe. Kaona heri mimi nimwone mwizi kuliko wewe uonekane huna adabu." Alikuwa anaongea na kifuo cha nazi, si na mimi. "Mimi sikuitaka ardhi. Nilitaka kuulizwa. Neno moja tu, kaka, nataka kupanda. Ningekwenda kumchimbia mashimo mwenyewe."

Nikamwomba radhi. Kasema radhi kaiombe kwa miti. Halafu kaona haya kwa ukali huo, kamwita mkewe anipe maji.

Nilikunywa. Sijawahi kuona kikombe kizito namna hiyo.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu alikuwa na meno tangu Mei.

Jumanne, 5 Agosti

Kamba ya kisima Kwa Fakii imeongezwa, maji yameshuka. Bi Mwanahawa kaunga kipande cha kamba ya bluu chini ya ile ya zamani. Sitaandika kwamba ni kwa sababu ya miti, masika yenyewe yalikuwa ya kuchechemea mwaka huu. Lakini nimesimama pale saa sita mchana, na ubaridi haupo.

Nimemwambia nimekwenda Chole, nimesema. Kasema kasikia. Kanipa mchaichai. Sijui kama hilo ni msamaha au ni mazoea.

Jumapili, 17 Agosti

Ripoti imerudi kutoka juu. Kwa Fakii kumeandikwa mfano wa kuigwa. Picha iko kwenye jalada la mbele, Bi Mwanahawa na mche kifuani. Ukiangalia vizuri pembeni kushoto kuna mgongo wa mtu mwenye kofia anaondoka.

Mkuu kanipongeza mbele ya watu. Leo baada ya misa nimekwenda nyumbani kwake, nikamweleza yote, na kwamba nataka ripoti isahihishwe. Kaniuliza kwa upole, miche imeshika au haikushika? Imeshika. Basi.

Nimeandika barua hata hivyo. Itakuwa juu ya meza yake kuanzia kesho. Ndani nimeeleza na jambo la maotea.

Ijumaa, 12 Septemba

Hitima ya Mzee Fakii. Huisoma kila mwaka Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, Ijumaa baada ya sala, palepale karibu na kisima. Bi Mwanahawa alinialika kwa ujumbe mfupi. Nilivaa mtandio, nikasaidia jikoni, nikamenya vitunguu vya watu arobaini. Machozi hayakuulizwa.

Mzee Shaali alikuja. Hakuna aliyekuwa na hakika. Alikaa upande wake wa mpaka, kwenye kisiki cha mti wa babu, msahafu magotini. Dada yake alikuwa upande wa wanawake. Walisoma, wakaomba dua, watu wakala. Hawakutazamana.

Watu walipotawanyika Bi Mwanahawa alikwenda kuteka maji ya kuoshea masufuria. Kamba siku hizi ni ndefu, lazima ainame sana, na mguu ule. Nilitaka kwenda. Mzee Shaali alinitangulia. Aliichukua kamba mkononi mwa dada yake, akateka. Alijaza ndoo ya dada, kisha ya pili. Alipofika kwenye kile kipande cha bluu alisimama kidogo, akakipapasa fundo, akaendelea kuvuta.

Nilikuwa nazunguka kwenye pengo wakati huo. Miche yangu, ambayo hakuna aliyeing'oa tena, imedumaa. Maotea niliyoyafyeka yamechipua upya chini yake, mapana, mabichi. Hata upande wa pili wa mpaka, katikati ya visiki, jua lile lile limeyaamsha mengine. Mikorosho haijapandwa bado. Anangoja vuli.

Mzee Shaali alinijia akipangusa mikono kwenye kanzu. Hakuniita kwa jina. "Bibi Misitu," kasema, akavitazama visiki vyake. "Wewe ndiye mwenye elimu. Hapa kwangu nifanye nini? Nipande, nisipande, nipande nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nina cheti cha jibu hilo. Lilinifika mpaka kwenye meno.

Nikamwambia, "Kamuulize dada yako, baba."

Bi Mwanahawa alikuwa kachuchumaa anasugua sufuria kwa majivu, katupa mgongo. Hakugeuka, lakini mkono wake ulisimama.

Nikachukua helmeti yangu, nikaisukuma pikipiki hadi barabarani ndipo nikaipiga kiki, kelele zake zisije zikawaingilia.